Venice Isifutwe Katika Othello

Samuel Johnson, katika toleo lake la tamthilia za Shakespeare la 1765, alidai kwamba kama Othello ingeanzia Saiprasi badala ya Venice, na yaliyotangulia yakasimuliwa tu, ingekaribia kabisa kuwa tamthilia iliyoshika barabara kanuni za umoja wa mahali na wakati. Sikubaliani naye hata kidogo. Kanuni zingetimia, tanzia ingekufa.

Tazama onyesho la tatu la sehemu ya kwanza. Ni usiku, baraza la Venice limeketi mezani, taa zinawaka. Brabantio anamshtaki Othello kwamba amemroga binti yake, Desdemona, hadi akaolewa naye. Othello anaomba Desdemona aitwe, aseme mwenyewe. Analetwa, anasema, shauri linakwisha. Mshtakiwa kasikilizwa, shahidi kasikilizwa, mtawala kaamua.

Kisha bahari. Dhoruba inaangamiza merikebu za Waturuki, vita vinakosa adui, na watu wanabaki kisiwani Saiprasi, ndani ya ngome, pamoja na Iago, anayemwaminisha Othello kwamba Desdemona anazini na luteni wake, Cassio. Huko hakuna baraza. Othello ndiye gavana, ndiye mlalamikaji, ndiye hakimu. Chumbani usiku, Desdemona anaomba lile lile lililomwokoa mumewe: Cassio aitwe, aulizwe habari za leso iliyofanywa ushahidi dhidi yao. Haitwi mtu.

Mtazamaji aliyesimuliwa tu habari za baraza hawezi kuhisi ombi hilo linavyochoma. Boito na Verdi waliiondoa Venice katika opera yao ya 1887. Muziki wao ni mkubwa, lakini ile kesi ya kwanza haionekani. Enyi mnaoiandaa Othello jukwaani, msiipunguze sehemu ya kwanza.