Vinyama vya utumbo: Kwa wakazi wa Taita Taveta, safari ni ndefu kuliko tiba

DAMU inapoonekana chooni, wengi husema ni bawasiri na kununua dawa ya kupaka. Mara nyingi huwa hivyo. Hata hivyo, huenda damu hiyo ikatokana na kinyama kilichoota ndani ya utumbo mpana, ambacho kisipoondolewa huweza kugeuka saratani baada ya miaka mingi.

Zamani kinyama kikubwa kilimaanisha kupasuliwa tumbo na kukatwa kipande cha utumbo. Tangu miaka ya 1990, hasa nchini Japani, madaktari wameboresha njia ya kukiondoa kwa mpira wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa. Majimaji hudungwa chini ya kinyama ili kiinuke, kisha hukatwa kwa kitanzi cha waya chenye umeme, au huchunwa kikiwa kizima kwa kisu kidogo mno. Hata saratani changa ambayo haijapenya ndani huweza kumalizwa hivyo. Hatari zipo: kuvuja damu, utumbo kutoboka, na kinyama kuota tena, hasa kikikatwa vipande vipande. Ndiyo maana mgonjwa huchunguzwa tena baada ya takriban miezi 6.

Kwa mkazi wa Taita Taveta, kikwazo huanza mapema. Kabla ya kipimo sharti anywe dawa ya kuendesha hadi utumbo uwe mtupu. Nani ataabiri matatu katika hali hiyo? Kutoka Voi hadi Mombasa ni kilomita zipatazo 150. Atokaye Taveta huongeza nyingine zaidi ya 100. Akielekezwa huko, atalazimika kulala karibu na hospitali, kwa gharama yake.

SHA ilipoanza Oktoba 2024, matibabu ya saratani yalitengewa Sh550,000 kwa kila familia kwa mwaka. Hizo ni fedha za kupambana na ugonjwa uliokwisha kuingia. Kaunti ingefaidika zaidi kwa kuwapima kinyesi watu wa miaka 45 na zaidi wasio na dalili, ili kutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Sampuli huweza kuchukuliwa Wundanyi, Mwatate au Taveta. Atakayepatikana na damu, pamoja na mwenye dalili, ndiye asafiri.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Daktari wa kwanza kukiona kinyama kikubwa asijaribu kukimega nusu. Kovu linalobaki hukigandisha kwenye ukuta wa utumbo, na hata majimaji yakidungwa hakiinuki; mgonjwa ambaye angeepuka kisu huenda akaishia kupasuliwa. Bora akipige picha, akadirie ukubwa wake, kisha amwelekeze mgonjwa kwa mwenye ujuzi wa kukiondoa.