Kutoga masikio wakati wa likizo: Kwa nini vidonda vinatunga usaha shule zikifunguliwa?

Shule zikifungwa mwezi Juni, mafundi wa kutoga masikio huonekana kwenye minada na magulio mengi ya Tanzania. Msichana anakaa kwenye kiti cha plastiki, mama au dada anamshika bega, na dakika moja baadaye kazi imekwisha. Pembeni yake kijana anachorwa tatuu mkononi, jina au nyota. Wote wawili wanarudi nyumbani na furaha yao. Hakuna aliyewaeleza wafanye nini kesho yake.

Wasikilizaji wetu wametuuliza mara nyingi kwa nini masikio ya mabinti huvimba na kutoa usaha wiki chache baadaye. Wapo wanaomlaumu fundi, wapo wanaosema mtoto ana damu mbaya. Sisi tumetazama kalenda, na tumeona kwamba sehemu kubwa ya jibu iko hapo.

Hesabu ya wiki

Ndewe, yaani sehemu laini ya chini ya sikio, huhitaji wiki 6 hadi 8 ili tundu lipone. Sehemu ngumu ya juu, yenye gegedu, inaweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka mzima. Tundu la puani nalo huchukua miezi kadhaa. Ngozi ya juu ya tatuu hufunga kwa wiki 2 hadi 4, lakini ngozi ya ndani huendelea kupona kwa muda mrefu zaidi.

Sasa tazama likizo. Ile ya Juni ni kama mwezi mmoja, na ya Desemba haizidi sana hapo. Shule zetu nyingi haziruhusu hereni. Kwa hiyo binti aliyetogwa siku ya kwanza ya likizo anarudi darasani akiwa na kidonda cha wiki 4. Asubuhi ya kufungua shule anavua hereni. Kwa kuogopa tundu lisizibe, anachomeka kijiti cha ufagio.

Kijiti hicho kimefagia uwanja. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi, na kijiti hakisafishiki hata ukikiosha, kwa sababu uchafu umeingia ndani ya nyuzi zake. Mtoto anakikaza kila asubuhi kwa vidole vilivyoshika chaki, jembe na ndoo. Fundi wa mnadani huenda alifanya kazi safi kabisa, lakini kidonda kikaharibikia shuleni.

Ushauri wetu kwa wazazi ni huu: kama binti anasoma, mtogeni wakati kuna nafasi ya kutosha. Anayemaliza darasa la saba hufanya mtihani mwezi Septemba na kuanza kidato cha kwanza Januari. Hiyo ni zaidi ya miezi 3, na inatosha kwa ndewe. Kama ametogwa tayari na shule inafunguliwa, zungumzeni na mwalimu kuhusu kipini kidogo kisicho na urembo. Ikishindikana, acheni tundu lizibe. Kutoga tena mwakani ni nafuu kuliko kutibu pepopunda.

Kidonda kinatunzwaje?

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa sikio. Chemsha maji, yaache yapoe, kisha weka robo ya kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe kimoja cha robo lita. Usizidishe, kwa maana chumvi nyingi huchoma ngozi. Lowesha kitambaa safi, safisha mbele na nyuma ya tundu mara 2 kwa siku, kisha kausha taratibu. Usizungushe hereni, kwa kuwa kila ukiizungusha unachana ngozi changa iliyoanza kuota.

Spiriti haifai kwa kidonda cha namna hii. Inaua vijidudu, lakini inaua pia ngozi mpya. Dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa na unga wa vidonge vya antibayotiki visiwekwe kabisa.

Kwa tatuu, osha kwa sabuni isiyo na manukato na maji safi, kausha kwa kugusagusa, kisha paka mafuta ya mgando kidogo sana kutoka kwenye kopo ambalo halijachovywa vidole na watu wengine. Magamba yakianza kutoka, yaache yadondoke yenyewe. Usiogelee ziwani, mtoni wala bwawani mpaka ngozi ifunge. Ukienda shambani au kwenye banda la ng'ombe, vaa nguo safi ya mikono mirefu ili kufunika sehemu iliyochorwa.

Lini uende zahanati?

Uvimbe kidogo na maumivu ya siku mbili tatu ni kawaida. Lakini kama maumivu yanazidi badala ya kupungua, ngozi inakuwa ya moto, usaha mzito unatoka, au homa inapanda, nenda zahanati. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pima joto kwa mgongo wa kiganja na linganisha na sikio la pili. Usivue hereni kabla ya kumwona mhudumu, maana tundu linaweza kuziba na kufungia usaha ndani.

Sehemu ngumu ya sikio ikivimba, nenda siku hiyohiyo. Gegedu haina mishipa yake ya damu, hivyo maambukizi yakiingia humo yanaweza kulila na sikio likabaki limekunjamana maisha yote. Taya likikaza na mtu akashindwa kufungua mdomo, hiyo inaweza kuwa pepopunda. Msisubiri kukuche.

Kama katika ukoo wenu makovu huvimba na kukua kupita kidonda chenyewe, fikirieni mara mbili kabla ya kutoga au kuchora. Hali hiyo huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na kuitibu ni kazi ngumu.

Hatari isiyoonekana

Usaha unaonekana, lakini homa ya ini haionekani. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye damu iliyokauka. Sindano iliyofutwa kwa kitambaa inaweza kubeba ugonjwa kutoka mteja wa mnada uliopita hadi wa leo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maambukizi sugu ya virusi hivyo mwaka 2022.

Tanzania ilianza kuwapa watoto chanjo hiyo katika ratiba ya kawaida mwaka 2002. Maana yake ni kwamba wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawana kinga, na fundi mwenyewe huenda ni mmoja wao. Kwa watoto wachanga, subirini angalau wamalize chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambazo zinakinga pepopunda pamoja na homa hiyo ya ini.

Kwa hiyo, kabla ya kukaa kwenye kile kiti, omba uone sindano mpya ikifunguliwa mbele yako. Kwa tatuu, omba pia wino umiminwe kwenye kifuniko kipya, kwa sababu wino uliobaki kwa mteja mwingine una damu yake. Fundi akikasirika, ondoka. Na kama unahofu umechomwa kwa sindano iliyotumika, nenda kituo cha afya haraka. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72.

Kijana anayetaka kuchora ajue jambo moja zaidi: matangazo ya ajira za polisi nchini hutaka mwombaji asiwe na tatuu. Kidonda kitapona, lakini mchoro utabaki.

Maafisa afya wa kata wanawakagua mama lishe mnadani, nasi tunaona ni haki wafike pia kwenye kile kiti cha plastiki. Mpaka siku hiyo, mwenye kumlinda binti ni yule anayemshika bega. Kama jirani yako hana simu, msomee makala haya kabla ya mnada ujao.