Binti Zetu na Taka za Bwenini



Hivi karibuni tulimtembelea binti yetu chuoni. Nyuma ya bweni tukakuta shimo la taka likifuka moshi: chupa za maji, vifuko vya chipsi, mabaki ya chakula, vyote pamoja. Wenzake wanajua mengi kuhusu mazingira. Walitueleza kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na kwamba Wangari Maathai, mwalimu wa chuo kikuu kama walimu wao, alianzisha harakati za akina mama kupanda miti kule Kenya mwaka 1977. Tukawauliza, "Na moshi huu?" Wakacheka. Taka, walisema, ni kazi ya wafagiaji.

Binti yetu hakucheka. Alisema kwa adabu, "Mama, hata nyumbani si tunachomea nyuma ya jiko?"

Tulinyamaza. Kazini tunawahudumia watoto wenye pumu, na Jumamosi tunawasha plastiki hatua chache kutoka dirisha la wanetu! Plastiki ikiungua hivyo hutoa masizi na sumu, na baadhi ya sumu hizo, kama dayoksini, hukaa mwilini miaka mingi.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo linatuhusu sisi mama zao hasa. Vyoo viwili vilikuwa vimefungwa. Fundi alikuwa ametoa pedi ndani ya bomba. Pedi nyingi za dukani zina plastiki. Haziyeyuki kama karatasi ya chooni, bali hunyonya maji na kuvimba. Lakini nani aliwaambia mabinti? Sisi tuliwafundisha kuficha tu, basi wanaficha. Mweleze binti yako aifunge kwenye karatasi na kuitia katika ndoo yenye mfuniko. Akipenda za kitambaa, azifue kwa sabuni na maji safi, kisha azianike juani zikauke kabisa. Asizifiche mvunguni kwa aibu, maana zikibaki na unyevu huota ukungu na kuleta muwasho.

Muhula huu tumemfungia sandukuni chupa ya maji ya kudumu na bakuli lenye mfuniko la kuchukulia chakula kantini. Amevipokea, ingawa anasema bakuli linamfanya aonekane mwanafunzi wa chekechea.

Nyumbani maganda sasa tunayafukia kwenye bustani ya mchicha. Chupa tunaziweka kwenye gunia karibu na jiko, tukimsubiri kijana anayezinunua kwa kilo. Baba watoto bado analitazama gunia hilo kwa mashaka.