VPN Si Hirizi

Kuna kauli mbili kuhusu VPN ambazo zimenichosha, na zote nazisikia hapa hapa Sumbawanga, tena wakati mwingine kwenye meza moja. Ya kwanza: "Mimi sina cha kuficha, VPN ya nini?" Ya pili: "Nimeshaweka VPN, nani atanigusa?" Msemaji wa kwanza anajiona mwadilifu, wa pili anajiona mjanja. Kwa maoni yangu wote wawili wamegoma kufikiri. Nagombana nao hapa, na nikimalizana nao nina neno na waliotunga kanuni.

Tuanze na asiye na cha kuficha. Wewe msomaji ni mpenzi wa fasihi, basi mkumbuke Rosa wa Euphrase Kezilahabi katika Rosa Mistika ya mwaka 1971. Kabla mambo hayajamharibikia, Rosa alikuwa na kosa gani? Barua ya kijana. Barua ikamfikia baba yake, Zakaria, na binti akala kipigo. Ubaya haukuwa katika maneno ya barua bali katika mtu aliyeisoma. Faragha ndiyo hiyo. Ni haki ya mtu kuchagua nani amsome, wala si kichaka cha waovu. Na riwaya yenyewe iliwahi kupigwa marufuku shuleni, kwa hiyo hata mwanafunzi aliyetaka kuisoma tu alikuwa na cha kuficha.

Sasa ilete hadithi hiyo Ufipa. Binti wa Namanyere anatafuta mtandaoni dalili za ugonjwa asioweza kuutaja nyumbani. Mkulima wa Laela anataka kumtumia mwandishi kama mimi picha ya mizani anayoshuku inampunja mahindi. Mwalimu wa Matai anasoma kuhusu haki zake za uhamisho kabla hajamwambia mtu. Hakuna mhalifu hapo, lakini kila mmoja ana cha kuficha, na kila mmoja ana mtu wake wa kumficha. Anayesema hana cha kuficha, mara nyingi maana yake ni kwamba hajawahi kuwa na jambo ambalo likijulikana litamgharimu. Ni bahati yake, lakini asiifanye kuwa sheria ya wengine.

Huyu wa pili ndiye ananitia hofu zaidi. Jina la mji wetu hufasiriwa kuwa "tupa uchawi", na watani zetu wa mikoa mingine hawaachi kutukumbusha. Basi jamani, tuutupe na huu wa kwenye simu. Watu wanaona kialama cha ufunguo juu ya kioo na kujiona wamevaa hirizi.

Zamani barua za vijijini zilipitia sanduku la posta la parokia au la shule. Ulifunga bahasha, lakini aliyeipokea pale aliona imeandikiwa nani. Intaneti ya leo inafanana na hiyo. Tovuti nyingi tayari zinafunga bahasha zenyewe, kwa hiyo kampuni ya simu haisomi ulichoandika ndani, ila kwa kawaida inaona unawasiliana na nani. VPN inachukua bahasha yako, inaitia ndani ya bahasha nyingine, na kuipeleka kwanza kwa mtu wa kati. Kampuni ya simu sasa inamwona huyo wa kati tu. Lakini yeye anaifungua ile ya nje na kuona unakokwenda. Hukumwondoa anayekuona, umembadilisha. Ulikuwa unamwamini mtu wa Dar es Salaam, sasa unamwamini mtu usiyejua hata yuko nchi gani.

Na kama huduma yake ni bure, muulize anakula nini. Mwaka 2013 Facebook iliinunua kampuni ya Onavo, iliyokuwa na programu ya VPN ya bure iliyonadiwa kuwa ni kinga kwa mtumiaji. Kumbe ilikuwa inaipelekea Facebook habari za programu ambazo watu wanatumia kwenye simu zao. Ilifungwa mwaka 2019 baada ya kelele nyingi. Yaani mlinzi ndiye aliyekuwa anachungulia dirishani.

Tena VPN haigusi mambo mengi yanayokuvua nguo kila siku. Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Ukiingia Instagram kwa jina lako, Instagram inakujua hata ukipitia Uholanzi. Ukituma ujumbe kwenye kundi na mmoja akaupiga picha, VPN itafanya nini? Halafu hapa mjini kwetu faragha haivuji kwenye waya tu. Inavuja steshenari, ulikofungua barua pepe ili uprinti barua ya kazi ukasahau kutoka. Inavuja kwa fundi uliyemwachia simu pamoja na paswedi. Inavuja kwenye daftari la wakala lililo wazi mezani, na jina lako, namba yako na kiasi ulichotoa. Mtu analipia VPN ya kila mwezi, kisha anamtajia wakala namba ya siri kwa sauti. Huo ni ulinzi wa namna gani?

Kwa hiyo, itumike lini? Mimi najiuliza maswali matatu. Namficha nani? Bila VPN, huyo anaona nini? Na nikiiwasha, namkabidhi nani badala yake? Nikiwa gesti natumia wifi ambayo sijui nani ameifunga, naiwasha. Nikisoma jambo ambalo sitaki mwenye mtandao ajue nimelisoma, naiwasha, tena iwe ya kulipia, ya kampuni ninayoweza kujua ni ya nani. Nikifanya miamala ya benki kwa bando langu mwenyewe, naizima, maana benki ikiniona Ulaya ghafla inaweza kunifungia mlango. Na mkulima wa Laela nisingemwambia "weka VPN" halafu nikaenda kulala. Ningemwambia asitumie simu ya ofisi, afute picha baada ya kuituma, na ikiwezekana anisubiri nifike kwa basi. Wakati mwingine faragha bora ni watu wawili kukaa chini ya mti.

Sasa neno langu kwa wenye kanuni. Oktoba 13, 2023 TCRA ilitoa taarifa ikiwataka watu na kampuni wanaohitaji VPN kwa kazi zao waisajili hadi Oktoba 30, kwa kutegemea Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020. Adhabu iliyotajwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Sababu iliyotolewa ni kuzuia maudhui yaliyokatazwa. Nakubali kuna uchafu mtandaoni na nakubali watoto walindwe. Lakini huwezi kumwagiza kila anayefunga bahasha aje kujiandikisha kwa sababu kuna watu wanatuma matusi kwa posta. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda mawasiliano binafsi ya mtu, na haisemi ni ya mwenye kibali cha kazi peke yake.

Mei 2025 mtandao wa X ulifungiwa. Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchini kwa siku kadhaa, na hapo hata hirizi iliyosajiliwa isingefaa kitu, maana VPN haipiti pasipo na njia. Kinga ya kweli ya faragha haiwezi kuwa programu tu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tunayo Tume yake. Ifike mpaka kwenye daftari la wakala wa Namanyere, na iwabane wakubwa kama itakavyombana huyo wakala. Na kanuni inayomfanya msomaji aonekane mtuhumiwa kwa kufunga mlango wake irudishwe mezani, iandikwe upya.