Gesi Haiishi, Inatoroka

Kaskazi iliyopita, chini ya mkungu pale Kendwa, nilijaza gesi ya kiyoyozi cha gari kwa mkono wangu mara tatu. Kopo, mpira mfupi, geji yenye rangi. Binamu yangu alisimama kando akinihimiza: "Mshale ukifika kwenye kijani, imetosha. Ya nini kumpa fundi pesa?"

Dakika kumi tu, upepo ukatoka baridi, nikenda uwanja wa ndege kuchukua wageni. Gari si langu, ni la mjomba, na hesabu anaitaka kila jioni. Siku ya kulala gereji ni siku ya kukosa hesabu. Baada ya kopo la tatu, nikiwa njiani Mahonda, chini ya boneti nikasikia kama mtu anasaga kokoto. Kompresa imekufa. Kulipia nyingine kulinimalizia akiba ya msimu mzima.

Sasa nasema wazi: hii "kujaza gesi" ni uongo tuliozoea kuuziana.

Kiyoyozi si tangi la petroli. Gesi yake haiungui wala haitumiki ikaisha. Inazunguka humo humo ndani ya mabomba yaliyofungwa, inabeba joto la ndani ya gari na kulitupa nje. Ikipungua sana, pana mahali panavuja. Kwangu ilikuwa kondensa, ile iliyokaa mbele ikipigwa na upepo wa chumvi. Fundi alinionesha doa la mafuta juu yake: gesi ilipotoroka ilichukua na mafuta yanayolainisha kompresa. Mimi nikawa naongeza gesi kwenye mashine iliyokauka.

Na ile rangi ya kijani? Shinikizo hupanda na kushuka kwa joto la mchana. Kipimo cha kweli ni uzito, na magari mengi yana kibandiko chini ya boneti kinachotaja gramu. Geji ya kopo haijui gramu. Haijui pia kama ndani mmeingia hewa na unyevu.

Ingekuwa hasara yangu peke yangu, ningenyamaza. Lakini magari mengi tunayoletewa kutoka Japani yana gesi ya R-134a, na kilo moja yake ikipotea angani hupasha dunia joto sawa na kiasi cha kilo 1,400 za hewa ukaa, kwa hesabu ya miaka 100. Ndiyo maana mwezi Oktoba 2016, hapo Kigali, nchi za dunia zilikubaliana kuzipunguza gesi za jamii hii hatua kwa hatua. Matumbawe yetu yalipauka mwaka 1998, yakapauka tena 2016, kwa sababu bahari ilipata joto. Tunamkataza mgeni asikanyage matumbawe, kisha tunampakia kwenye gari linalovujisha gesi hiyo mpaka mjini.

Najua mtakachonijibu. Kuna mafundi nao huongeza gesi tu bila kutafuta tundu, na bei yao ni kubwa kuliko ya kopo. Kweli. Fundi wa namna hiyo ni kopo lenye miguu, naye simtetei. Mkatae. Muulize maswali matatu kabla hajagusa gari: Utapima wapi panavuja? Utafyonza hewa na unyevu kwa pampu? Utaipima gesi kwa mizani? Akicheka, ondoka.

Mtasema pia dereva hana siku ya kupoteza. Mimi nilidhani nimeokoa siku moja, nikapoteza msimu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tuliisoma skuli, tukaiacha hapo hapo skuli.

Dawa ipo, wala haimhitaji tajiri. Pampu moja na mizani moja vinaweza kuhudumia madereva wa kijiji kizima. Tunachangishana kwa harusi na kwa msiba, tutashindwaje kuchangia hivyo, na kumlipa fundi mmoja anayejua kazi? Pwani ya Kendwa ndiyo inayotulisha.

Kopo moja limebaki, liko uvunguni mwa kitanda. Binamu alikuja juzi kulinunua, kwa bei nzuri. Nilimwambia alete gari kwanza, tutafute panapovuja. Bado hajarudi.