Tusiichome Kabla ya Kuisikiliza



Mwezi uliopita, tulipokuwa kwenye utume parokiani, mama mmoja alitukabidhi fulana nyeusi ya mwanawe, imeviringishwa kwenye gazeti. "Mafrateri wanangu, ichomeni. Hawa ni watu wa shetani." Kifuani palikuwa na jina la Black Sabbath. Tulijibu, "Sawa, mama," tukaipokea. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusikia wimbo wao.

Jambo hilo lilitusumbua njiani. Darasani tunafundishwa jinsi Mtakatifu Thomas wa Akwino anavyojenga hoja zake: anaanza na sababu za wanaompinga, bila kuzidhoofisha, ndipo anajibu. Sisi tulikuwa tumejibu kabla ya kusikia lolote. Basi tukaitafuta albamu yao ya kwanza, inayobeba jina la bendi yenyewe, tukaisikiliza yote.

Ilitoka Uingereza Ijumaa, Februari 13, 1970. Vijana wanne wa Aston, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani mjini Birmingham, waliirekodi karibu yote kwa siku moja. Mpiga gitaa, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akaendelea kupiga. Muziki wao ni mzito, na baadhi yetu hawakuupenda. Hilo ni suala la masikio.

Wimbo wa kwanza unaanza kwa mvua, radi na kengele ya kanisa. (Aliyelala bweni letu anaijua kengele hiyo.) Kisha mtu anasimulia kwamba umbo jeusi limesimama mbele yake, linamnyooshea kidole. Halishangilii wala haliabudu. Anatetemeka na kumlilia Mungu amsaidie. Chanzo chake ni tukio alilosimulia mpiga besi, Geezer Butler, aliyelelewa katika familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland. Alikuwa akisoma vitabu vya uchawi, na usiku mmoja akaamka akaona kitu cheusi miguuni pa kitanda chake. Akaogopa sana. Shuhuda za namna hiyo tumezisikia kwenye mikesha ya maombi, na hatukumchoma mtu.

Na ule msalaba uliopinduliwa ndani ya jalada? Wanamuziki wamesema kampuni iliuweka bila kuwauliza. Hofu inauza. Ni kweli kwamba katika mapokeo yetu msalaba wa namna hiyo ni wa Mtakatifu Petro, lakini tusijidanganye kwamba kampuni ilikuwa ikimfikiria Petro.

Kwa hiyo mama yule hakukosea kuogopa. Aliogopa kilekile ambacho wimbo wenyewe unakiogopa.

Hatusemi albamu haina tatizo. Wimbo wa "N.I.B." unampa Lusiferi mwenyewe maneno ya mapenzi, na Butler ameeleza kuwa ni shetani aliyependa mpaka akabadilika. Hapo tunampinga. Katekisimu, namba 393, inafundisha kwamba uamuzi wa malaika walioasi hautenguki. Kijana anayeuimba wimbo huo anastahili kuambiwa hivyo, tena na mtu aliyeusikiliza. Tukimnyang'anya nguo tu, atajifunza kwamba Kanisa linaogopa gitaa, na siku atakapokuwa na swali zito kuhusu shetani atakwenda kuuliza kwingine. Wako wengi mitandaoni wanaomngoja, na hawana Katekisimu mkononi.

Fulana bado iko bwenini, tumeifua. Jumapili tutamrudishia mama, tumwombe radhi kwa ile "sawa" yetu ya haraka, na tumwombe ruhusa ya kukaa na mwanawe. Swali la kwanza tumeshakubaliana: wimbo gani anaupenda zaidi, na kwa nini.