Mtoto anapotumia simu yako: kufuli linasaidia, lakini halitoshi

Tangu tarehe 10 Desemba 2025, watoto wa Australia walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao kama TikTok, Instagram, Facebook na YouTube. Sheria hiyo haimwadhibu mtoto wala mzazi. Mzigo wamebebeshwa wenye mitandao: kampuni isiyochukua hatua za kutosha inaweza kutozwa faini ya hadi dola za Australia milioni 49.5.

Kliniki, akina mama wananiuliza: na sisi tusubiri sheria kama hiyo? Mama, usisubiri. Sheria ya Australia inahusu akaunti, na watoto wengi ninaowaona hawana akaunti. Wanashika simu ya mama. Kwa kampuni, anayetazama video saa nne usiku ni mtu mzima, kwa sababu akaunti ni yako.

Je, programu za udhibiti zinasaidia? Ndiyo, kwa kiasi chake. Family Link ya Google ni ya bure. Inakuwezesha kupanga saa za kutumia simu, kuifunga wakati wa kulala na kukubali au kukataa programu anazotaka kupakua. Lakini inasimamia akaunti ya mtoto, hivyo inamfaa zaidi mwenye simu yake mwenyewe.

Kama simu ni moja nyumbani, fanya hivi:

- Weka namba ya siri ambayo mtoto haijui, na isiwe ile unayotumia kutuma pesa.
- Pakua video ulizozitazama mwenyewe kwanza, kisha zima data. Mtoto hawezi kuteleza kwenda kwingine, na bando lako linabaki.
- Simu nyingi za Android zina sehemu ya kubandika programu moja, kwenye mipangilio ya usalama. Ukiiwasha pamoja na namba ya siri, mtoto anabaki hapo hapo ulipomwacha.
- Usiku simu ilale chumbani kwako.

Kuhusu muda, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka 2 hapaswi kuwekwa mbele ya skrini. Wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13. Simu ikimkesha, asubuhi utamwona: analia ovyo, hataki uji.

Najua simu ndiyo inayomtuliza wakati unapika. Sikulaumu. Mpe, lakini umwambie mapema itaisha lini: "Video mbili, halafu unanisaidia kuchambua mboga." Akilia, usiirudishe. Ukiirudisha, amejifunza kwamba kilio ndicho ufunguo.

Kwa mtoto mkubwa, hatari nyingine haionwi na kufuli lolote: ujumbe wa mtu asiyemjua. Binti mmoja wa miaka 13 alitumiwa picha chafu na mtu mzima kwa wiki kadhaa, akanyamaza. Nilipomuuliza kwa nini, alisema: "Mama angenipiga, halafu angeninyang'anya simu." Yule mtu alikuwa analindwa na hofu ya mtoto.

Kwa hiyo zungumza na wako leo, kabla hakijatokea chochote. Mwambie: "Ukitumiwa kitu kinachokutisha au kukuaibisha, niletee. Sitakupiga." Na siku akikuletea, timiza ahadi hiyo. Usifute ujumbe, kwa sababu ni ushahidi. Mzuie mtumaji, kisha piga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto, Tanzania na Kenya.

Funga simu, mama, lakini mlango wa kukusimulia uache wazi.